Chuma cha mguuni na vidonge vya duka la dawa

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Mdogo wangu ni bodaboda hapa Dodoma, mwaka jana aligongwa njia ya Kizota akafungwa chuma mguuni, akapona, akarudi barabarani. Miezi saba baadae pembeni ya kovu kakatokea katundu kama chunusi, kanatoa usaha, kanafunga, wiki mbili kanafumuka tena. Sisi tukawa tunakimbilia duka la dawa, amoksilini kila mara, na mama kule Kongwa nae akatuma mizizi yake (tulitumia pia, sifichi).

Kumbe tulikua tunapoteza muda. Daktari alituambia bakteria wakishakaa kwenye chuma wanajijengea utando, ule ule utelezi unaoushika ndani ya pipa la maji ambalo halijasuguliwa siku nyingi, na sie wa Dodoma mapipa tunayajua, sasa vidonge havipenyi humo na chuma chenyewe hakina damu, kinga ya mwili haifiki. Inabidi wafungue, wasafishe, waoteshe usaha maabara wajue dawa gani inaua, pengine chuma kitoke kabisa. Na zile dawa za kubahatisha zinaharibu hata hicho kipimo!

Kinachoniuma, siku anaruhusiwa tuliambiwa tarehe ya kutoa nyuzi tu basi. Hospitali zishindwe kweli kutoa karatasi moja ya Kiswahili yenye dalili za kumrudisha mgonjwa haraka?

Dogo bado yuko kwenye magongo, pikipiki iko uani, kuku wanalala kwenye siti.

Msomaji wenu, Dodoma