Tuanze na stima, si treni

Mhariri,

Kila inapoelezwa jinsi sheria ya Marekani ilivyobariki kutengwa kwa abiria Weusi, maelezo huanzia kwenye behewa la treni na hukumu ya Plessy ya 1896, iliyohalalisha mabehewa tofauti ya Weupe na Weusi. Huko ni kudandia safari katikati. Njia ilifyekwa miaka 18 kabla, juu ya stima ya mtoni.

Sitaha ya chini ya stima za mto Mississippi ilibeba boila, kuni, shehena na abiria wa nauli ndogo. Juu yake palikuwa na ukumbi mrefu uliozungukwa na vyumba: wanaume mbele, wanawake nyuma, mbali na boila, maana boila zilipasuka mara kwa mara. Mwanamke Mweusi aliyezuiwa kuingia huko alinyimwa kitanda, na pia mahali palipohesabiwa kuwa salama zaidi chomboni.

Julai 1872, Josephine DeCuir, mjane mwenye shamba Pointe Coupee, Louisiana, alipanda stima Governor Allen kutoka New Orleans. Nahodha John Benson alimkatalia sehemu ya wanawake. DeCuir naye akakataa kabini ya Weusi, akakesha kitini. Sheria ya Louisiana ya 1869 ilikataza ubaguzi huo, na mahakama za jimbo zikamwamulia fidia ya dola 1,000.

Mwaka 1878 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua ushindi huo. Jaji Mkuu Morrison Waite alisema stima hiyo hufika Vicksburg, jimbo la Mississippi, na mwenye chombo hawezi kubadili mpangilio wa abiria kila avukapo mpaka. Basi, kwa hoja yake, Louisiana imeingilia biashara ya kati ya majimbo, ambayo katiba imeiachia Bunge la taifa. Lakini safari ya DeCuir ilianza na kuishia Louisiana! Jambo hili halistahili kupitwa juu juu, kwa sababu mwaka 1890 mahakama hiyohiyo iliikubali sheria ya Mississippi iliyolazimisha reli kutenga abiria, ikidai inahusu safari za ndani ya jimbo tu. Jaji Harlan wa mahakama hiyo alipinga, akasema haoni kwa nini sheria ya kuchanganya abiria iwe kuingilia biashara, na ya kuwatenga isiwe.

Vitabu vya historia viiweke kesi hii mbele ya Plessy, na viifuatilie hadi 1946, pale hoja ileile ya mipaka ilipotumiwa kumpa ushindi Irene Morgan, mwanamke Mweusi aliyekamatwa Virginia kwa kukataa kuachia kiti kwenye basi la kwenda Maryland.

Msomaji wenu