Kuandika ukubwa wa kache kwenye rejista hakuongezi kasi

Mhariri,

Ule ushauri kwamba ukiandika ukubwa wa kache ya L2 (kumbukumbu ndogo yenye kasi iliyo ndani ya prosesa) kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, kompyuta itachangamka, mashine za leo hauzisaidii kitu.

Thamani inayohusika ni SecondLevelDataCache, chini ya Session Manager\Memory Management. Ikiwa 0, Windows huuliza HAL, tabaka linaloongea na vifaa. Ikikosa jibu hukadiria kilobaiti 256. Watu huona 0 wakadhani kache imezimwa. Wapi! Kache huendeshwa na prosesa yenyewe, haingoji ruhusa ya rejista.

Namba hiyo husaidia tu kupanga kurasa za kumbukumbu, yaani vipande inavyogawanywa, zisigombee nafasi moja ya kache. Kwenye kache za kizamani, ambamo kila anwani ina nafasi moja tu, kilobaiti 256 hubeba kurasa 64 za kilobaiti 4. Ukisoma kurasa mfululizo, ule wa 65 huufukuza wa kwanza. Tangu Pentium II, anwani moja ina nafasi kadhaa za kukaa, kwa hiyo mpangilio huo hauna faida.

Anayeng'ang'ania kubadili ajue kidirisha cha kuhariri thamani hufungukia heksadesimali, yaani hesabu ya kumi na sita badala ya kumi: ukichapa 512 humo, umeandika 1298. Chagua desimali, hesabu ya kawaida, kwanza.

Ukubwa halisi unaonekana kwenye Task Manager, kichupo cha Performance, sehemu ya CPU. Kwenye Linux tumia amri ya lscpu, ila matoleo yake mapya hujumlisha kache za viini vyote vya prosesa. L2 ya kiini cha kwanza, kwa kawaida, ukubwa wake umo kwenye faili /sys/devices/system/cpu/cpu0/cache/index2/size.

Fundi wa kompyuta