Barua kwa Maalim aliyeko Wete, kuhusu mchunga na jamaa zake

Unguja

Sahibu yangu Maalim,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, natumai wewe na watu wa nyumbani hamjambo. Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Barua yako nimeipata pamoja na furushi la majani, na nimeisoma kwa makini kwa sababu jambo unalolitaka si dogo: wanafunzi wako wa skuli wachemshe mchunga, ile mboga chungu ya majani, maji yake yapelekwe maabara, ijulikane kama kweli yanatibu malaria kama wazee wa huko wanavyosema. Nia yako naiunga mkono. Ninachokipinga ni mpangilio, kwa kuwa umeianza kazi kwenye dawa kabla ya kuupitia mmea, na mimea ya jamii ya alizeti haimvumilii mtafiti anayefanya hivyo.

Jamii hiyo ni kubwa mno. Ina spishi zisizopungua 23,000, karibu moja katika kila kumi za mimea itoayo maua duniani, na ndani yake umo mchunga tunaoupika kwa tui, imo saladi, imo kishona nguo, na magugu mengi ambayo wakulima hupalilia bila hata kuyatazama. Kinachowachanganya watu ni kwamba kile tunachokiita ua, katika jamii hii, ni mkusanyiko wa maua. Chukua kichwa cha mchunga kilichochanua, kipasue kwa wembe kuanzia kwenye kikonyo kwenda juu, kisha ukitazame kwa lenzi ya mkono. Utaona vijiua vingi vya manjano vimesimama bega kwa bega juu ya kitako kimoja. Kila kijiua kina ulimi wake, na ncha ya ulimi huo ina meno matano madogo. Chini ya kijiua lipo tunda changa ambalo sisi kwa kawaida huliita mbegu, na juu ya tunda yapo manyoya meupe yatakayolipeperusha likishakauka. Kikonyo nacho, pale ulipokikata, kitatoa utomvu mweupe. Ndimi tupu zenye meno matano pamoja na utomvu huo ndizo zinazouweka mchunga katika tawi moja na saladi. Ukipasua kichwa cha alizeti hukuti hivyo, kwani ndimi zake ziko ukingoni tu, na katikati pamejaa vijiua vyenye umbo la mrija, ambavyo ndivyo vinavyozaa. Kishona nguo hakina manyoya kabisa. Mahali pake pana miiba miwili au mitatu yenye vijimiiba vinavyoelekea nyuma, na ndiyo maana humng'ang'ania mtu kwenye kanzu mpaka afike kwake.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu furushi lako lina majani peke yake. Kwa majani matupu siwezi kuapa kwamba huo ni Launaea cornuta, ambao ndio mchunga wa vitabuni, wala siwezi kukanusha kwamba ni Sonchus oleraceus, mmea wenye utomvu na vichwa vya manjano vilevile. Mpishi anaweza kuichanganya miwili hiyo chunguni na chakula kikaliwa. Mtafiti akiichanganya, matokeo yake hayana mwenyewe.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni dawa ya malaria tuliyoimeza sote. Mwaka 2003 Zanzibar iliachana na klorokwini, ambayo vimelea vilikuwa vimeizoea, ikaanza kutumia dawa mseto ya atesuneti na amodiakwini. Atesuneti hutengenezwa kutokana na artemisinini, nayo hupatikana katika Artemisia annua, mmea wa jamii hiihii tunayoizungumzia. Aliyeongoza kazi ya kuitoa, Bibi Tu Youyou wa China, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sehemu moja ya kisa chake inajulikana sana: mradi wa siri wa serikali ulianzishwa mwezi Mei 1967, yeye akaingizwa mwaka 1969, akapekua maandiko ya zamani ya tiba, na akaona kwamba Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliagiza mmea uitwao qinghao ulowekwe na kukamuliwa. Hakutaja kuchemsha. Hapo Bibi Tu akahisi kwamba moto ndio unaoiharibu dawa, akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzi 35 tu za Selsiasi, na mwezi Oktoba 1971 sampuli yake namba 191 ikafuta vimelea vyote katika panya wa maabara. Nawe unataka kuchemsha, Maalim!

Sehemu isiyosimuliwa sana ndiyo inayonihusu mimi. Jina qinghao lilitumika kwa zaidi ya spishi moja, na ilibidi ithibitishwe kwamba Artemisia annua ndiyo yenye artemisinini ya kutosha. Hata baada ya hapo, ilionekana kwamba dawa imo zaidi katika majani, na kwamba mimea ya Beijing ilikuwa na kiasi kidogo mno ilhali ya jimbo la Sichuan ilikuwa nayo kwa wingi. Mtu angechuma mmea jamaa wa huo, au huohuo kutoka mahali pasipofaa, angeandika kwa uaminifu kabisa kwamba haufai kitu, na hakuna ambaye angemlaumu.

Najua utanijibu kwamba mchunga ni mchungu, na uchungu ndio dawa, kama mwarobaini. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Uchungu wa saladi iliyokomaa na wa jamaa zake unatokana na kemikali ziitwazo seskwitapini laktoni, na artemisinini nayo ni ya kundi hilo. Lakini kinachoiua plasmodia, yaani kimelea cha malaria, ni kiungo kimoja ndani ya artemisinini, daraja la atomi mbili za oksijeni, ambalo huvunjika linapokutana na madini ya chuma yanayotokana na damu iliyoliwa na kimelea. Kemikali chungu za saladi hazina daraja hilo. Ulimi hauwezi kulitambua, na kwa hiyo wanafunzi wasionje chochote.

Katika hili la kuonja nakusihi uwe mkali. Lile gugu lenye harufu kali na vichwa vidogo vya rangi ya urujuani hafifu, Ageratum conyzoides, lina alkaloidi zinazoharibu ini, na huko Tigray, Ethiopia, watu waliugua na kufa baada ya nafaka yao kuchanganyika nalo. Vilevile pasitokee mzazi wa kuacha dawa ya hospitali kwa kusikia skuli inatafiti mchunga. Hata chai ya Artemisia yenyewe, Shirika la Afya Duniani haliikubali kuwa tiba ya malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani yake hakina kipimo.

Kwa hiyo napendekeza mwaka huu wote uwe wa kukusanya tu. Mng'oeni mmea mzima na mzizi wake, wenye vichwa vilivyochanua na vingine vyenye mbegu, muubane katikati ya magazeti chini ya kitu kizito, na kwa unyevunyevu wa Pemba magazeti yabadilishwe kila siku. Vichwa vya jamii hii huendelea kukomaa hata baada ya kubanwa, na mara nyingi mtu hufungua gazeti akakuta manyoya yametapakaa, kwa hiyo vingine vibaneni vikiwa bado vimefumba. Kwenye kila karatasi aandikwe mchumaji, tarehe, kijiji, aina ya ardhi, na jina analolitumia aliyewaonyesha, hata kama linapingana na la jirani yake. Fanyeni nakala mbili, moja ibaki skuli, ya pili niipeleke Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilinganishwe na sampuli zao. Wataalamu walioorodhesha mimea ya Afrika Mashariki, kazi iliyokamilika mwaka 2012, waliipa Pemba herufi yake peke yake, P, mbali na Z ya Unguja. Nisingependa P hiyo ikose mchunga wa Wete.

Mzigo wa kwanza upakie kwenye meli ya Mkoani kabla ya mvua za vuli, nami nitakujibu kwa jina la kila mmea. Wasalimie wanafunzi na wazee.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Unguja