Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana,

Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina, na muhtasari wa mkutano uliopita mmeshagawiwa. Mimi nitazungumzia jambo lililotutoa jasho mwaka huu, yaani ile filamu ya The Little Colonel. Nyingine tulizoonyesha zilipita salama: watu walikuja, wakacheka, wakanywa chai, wakaenda zao. Hii ndiyo iliyoigawa kamati, na mpaka leo wapo wawili watatu wanaonisalimia shingo upande.

Kwa ambao hawakuwepo, ni filamu ya mwaka 1935, ya kampuni ya Fox, iliyoongozwa na David Butler. Shirley Temple, akiwa bado hajatimiza miaka saba, ni mjukuu wa kanali mmoja mkali wa Kentucky aliyemfukuza binti yake kwa sababu ameolewa na mtu wa Kaskazini, upande uliopigana na Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Kanali ni Lionel Barrymore. Mtumishi wake, Walker, ni Bill Robinson, yule bingwa wa dansi ya kugonga miguu aliyejulikana kwa jina la Bojangles, mzaliwa wa mji wetu huu wa Richmond, Virginia. Hattie McDaniel naye yumo, ni mtumishi vilevile. Hadithi yenyewe nyepesi: babu na mjukuu wananuniana, kisha wanapatana.

Waliopinga walisema hivi: watu weusi wote humo ni watumishi, wanaamrishwa huku wanatabasamu, na Kusini ya baada ya vita inaonyeshwa kama bustani. Wana haki. Sikuwabishia kwenye kamati na sitawabishia leo. Nilichokitetea ni kwamba tusiifiche, tuionyeshe na kuizungumza, kwa sababu ndani yake zimo dakika chache ambazo mtu yeyote anayeishi Richmond anapaswa kuziona.

Mtoto amegoma kupanda ngazi kwenda kulala. Walker anamwambia atamwonyesha namna yake ya kupanda, na hapo anaanza. Kiwiliwili kimenyooka, mikono imetulia, kazi yote iko kwenye ncha za vidole vya miguu. Kila kidato kinajibu, anapanda akigonga, anashuka akigonga. Kisha anamshika mtoto mkono na wanapanda pamoja. Tazameni miguu ya Shirley mkipata nafasi tena: hatua za Robinson zilikuwa nzito kwa mtoto, kwa hiyo alimrahisishia, akamfundisha kupiga teke dogo ubao wa mbele wa kidato ili mlio utoke kwa wakati wake. Mtoto anaonekana anacheza sawa na bingwa. Huo ni ualimu wa hali ya juu, na Robinson alikuwa ameshaucheza mchezo huo wa ngazi majukwaani miaka mingi kabla ya Hollywood kumwita.

Usiku ule tulikuwa na mtafsiri wetu kwenye kipaza sauti, anayefuata nyayo za marehemu Lufufu, yule mtafsiri wa filamu wa Tanzania, na ukumbi ulikuwa unamfurahia. Ilipofika ngazi akaendelea kuongea. Mzee mmoja wa kutoka Bukavu akainuka akasema, "Kijana, nyamaza, acha miguu iseme." Akanyamaza. Kamati imekubaliana kwamba kuanzia sasa mtafsiri hatazungumza juu ya dansi wala wimbo.

Inakubalika kwamba hao wawili ndio wa kwanza Hollywood, mweupe na mweusi, kucheza dansi pamoja kama jozi kwenye filamu. Walivumiliwa kwa kuwa mmoja alikuwa mtoto mdogo na mwingine mzee wa miaka hamsini na kitu aliyevaa sare ya mtumishi. Hata hivyo baadhi ya kumbi za Kusini ziliikata sehemu ya kushikana mikono. Sisi tumeiangalia nzima, katika Virginia hiihii, na sioni aibu kuihesabu hiyo kuwa kazi ya maana ya mwaka.

Jumapili iliyofuata tulikwenda mtaa wa Jackson Ward hapa mjini, pale Barabara ya Adams inapokutana na Leigh. Wengi wenu mnapita hapo kila siku mkienda kazini bila kugeuza shingo. Sanamu ya Robinson iko hapo tangu 1973, anashuka ngazi akicheza. Mahali penyewe pana sababu: mwaka 1933 aliona watoto wanahatarisha maisha wakivuka, akatoa fedha zake zifungwe taa za kuongozea magari. Alilelewa na bibi yake mji huu, alichuma fedha nyingi sana, akazigawa na kuzicheza kamari, na alipofariki mwaka 1949 hakuwa na kitu. Maziko yake New York yalijaza barabara.

Ukumbi tuliozoea ulitugeuka katikati ya mwaka, siku chache kabla ya onyesho. Tumepata mwingine, na kodi yake Mweka Hazina atawaeleza. Ada bado zinasuasua, mnajijua.

Sasa nije kwenye mapendekezo mawili yanayohitaji kura zenu.

La kwanza, mwaka ujao tuanze na Stormy Weather ya mwaka 1943. Humo Robinson si mtumishi wa mtu, ndiye mhusika mkuu, pamoja na Lena Horne, Cab Calloway na wacheza dansi wawili, ndugu wa Nicholas, ambao nao walianza jukwaani wakiwa watoto. Waliochukizwa na filamu ya mwaka huu naomba waje wakae mbele.

La pili ni gumu zaidi. Shirley Temple aliongoza orodha ya nyota wanaojaza kumbi Marekani miaka minne mfululizo, 1935 hadi 1938. Katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1988 ameandika kwamba katika zaidi ya dola milioni tatu alizochuma, alikuta zimebaki kama 44,000. Kabla yake Jackie Coogan, naye nyota wa filamu tangu utotoni, aliwashtaki mama yake na baba wa kambo kwa kutumia fedha alizochuma, na California ikatunga sheria mwaka 1939 ya kulinda sehemu ya mapato ya watoto. Sisi tuna kikundi cha watoto wa ngoma. Kinaitwa kwenye harusi, kinatunzwa, na fedha zinaingia kwenye chai ya wakubwa. Napendekeza nusu ya kila wanachotunzwa iwekwe kwenye akaunti yao, asiiguse mzazi wala kiongozi yeyote, nikiwemo mimi, mpaka mtoto atimize miaka kumi na minane.

Katibu ana fomu za kura mlangoni.

Mwenyekiti