Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA): Intaneti ya vijijini ipimwe saa mbili usiku

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mei 2023, pale Dodoma, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba na kampuni za simu kujenga minara 758 katika kata 713. Kuhesabu minara ni rahisi. Kujua kama mwanakijiji anapata intaneti iliyolipiwa ruzuku ndiyo kazi, na kazi hiyo iko mezani kwako. Naomba vipimo vifanyike jioni, pale pale mtumiaji alipo.

Saa nne asubuhi watu wako shambani, mnara hauna shughuli. Ukipima muda huo utapata kasi ya kujivunia. Saa mbili usiku kijiji kizima kiko hewani na video inazunguka tu. Mara nyingi antena haina kosa. Mnara huo unategemea mnara mwingine, na huo mwingine tena, mpaka kuufikia mkongo, yaani nyaya kuu zinazobeba intaneti ya nchi. Vijiji kadhaa vinagombania njia moja nyembamba. Na mvua ikifululiza, sola haijazi betri.

Marekani, tume yao ya mawasiliano, FCC, huzipima kampuni zinazopokea ruzuku ya vijijini kati ya saa 12 jioni na saa 6 usiku, kuanzia nyumbani kwa mteja hadi kituo cha kubadilishana data, pale mitandao ya kampuni mbalimbali inapokutana. Asilimia 80 ya vipimo lazima vifikie walau asilimia 80 ya kasi inayotakiwa. Anayeshindwa hukatwa ruzuku. Ila kabla ya hapo kuna kipindi cha majaribio ambacho matokeo mabaya hayaleti adhabu, na hicho ndicho ningependa tukiige kwanza. Kampuni ikijua mapema saa za kupimwa na kiwango kinachotakiwa, itapanua njia ya kwenda kwenye mkongo na kubadilisha betri zilizochoka kabla ya mkaguzi kufika.

Najua wao hupima laini iliyofungwa nyumbani, na huku kwetu simu hutembea na mwenyewe. Lakini zahanati haitembei, wala shule, wala ofisi ya mtendaji wa kata. Fungeni vifaa vya kupimia humo. (Bando la kupimia lilipwe na kampuni, tafadhali, lisiwe la mwalimu.) Vipimo viishie kwenye vituo vya kubadilishana data vya Dar es Salaam au Arusha. Seva (kompyuta ya kupimia) iliyo ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe itaisifia kampuni hiyo, kwa sababu data haijatoka nje ya uzio wake. Kifaa pia kisubiri pale laini inapotumika, la sivyo kampuni zitapata kisingizio kwamba kasi ilishushwa na mtumiaji.

Mwisho, matokeo yatangazwe kata kwa kata. Wastani wa wilaya unabebwa na makao makuu yake yaliyo karibu na mkongo, na sisi wa mwisho wa mnyororo hatuonekani humo.

Wako,
Fundi simu wa kijijini