Kabla hamjaja Desemba: barua kwa watoto na wajukuu wa kaka yangu

Wanangu, na ninyi wajukuu mlioko Dar, Arusha, Mwanza, na yule wa Nairobi,

Ni mimi shangazi yenu wa Marangu. Nikipiga simu mnasema mtandao unasumbua, basi leo someni.

Siku ya tatu ya matanga ya kaka yangu, mjukuu mmoja wa miaka tisa aliniuliza mbele za watu: "Bibi, mti huu tuliofungia turubai unaitwaje?" Nikanyamaza makusudi, niwasikie baba zake. Mmoja akasema mwarobaini. Mwarobaini, Marangu! Mwingine akainamia simu. Mti ule ni msesewe. Magome yake ndiyo yanayoipa mbege, pombe yetu ya ndizi, uchungu mnaousifu mkishika kata, na baba yenu aliupanda kwa mkono wake. Siku hiyo nililia kuliko siku tuliyomzika.

Sasa naona kwenye kundi la WhatsApp mnabishana vigae vya kaburi viwe vyeusi au vya kijivu, na picha gani iende kwenye fulana. Wekeni mnavyotaka. Ila kaka yangu hakuwa mtu wa kukaa ndani hata akiwa hai. Ndani alilala, basi. Chai aliinywa amesimama mgombani, uso kauelekeza kilele cha Kibo, na kama kumefunga mawingu alisubiri mpaka chai ipoe.

Alianza kubeba mizigo ya wageni kijana kabisa, kabla mlima Kilimanjaro haujatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1973. Wakati huo kambi ya Mandara iliitwa Bismarck, na ya Horombo iliitwa Peters. Mpaka anakufa alikosea majina hayo, au tuseme alikataa kuyabadilisha. Baadaye akawa kiongozi wa wageni, akafika kileleni, mita 5,895, mara nyingi hata akaacha kuhesabu. Wageni aliwaambia pole pole. Sisi nyumbani hatukuwahi kumwona akienda pole pole, tulimkimbilia nyuma kama vifaranga.

Naomba msimfanye malaika, maana mtampoteza. Wa pili wenu alizaliwa baba akiwa juu Kibo, na majirani ndio waliomfikisha mama yenu zahanati. Akarudi siku ya tano, soksi zimelowa, anatabasamu. Mama yenu alimnunia mpaka mtoto akaota meno. Na hakujifunza! Akikaa nyumbani siku mbili, ya tatu utasikia anakwenda kuangalia mizinga ya nyuki kwenye msitu wa Nusu Maili. Asali ilikuwa kisingizio, mara nyingi alirudi mikono mitupu, akitusimulia mbega alivyorukia tawi lililooza.

Barafu alikuwa akiitazama kama mtu anayetazama shuka la mtoto linavyofupika. Wataalamu walipima wakasema kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 ya barafu ya Kilimanjaro iliondoka. Yeye kipimo chake kilikuwa jiwe moja jeusi ambalo ujanani, akilitazama toka hapo mgombani, hakuwa akiliona. Nilimuuliza anajisikiaje. Akasema, "Namwona mzee mwenzangu." Na moto wa Oktoba 2020 ulipowaka huko juu, alichukua panga akaenda geti la hifadhi pamoja na vijana. Wakamrudisha kwa ajili ya umri. Usiku ule hakula, alikaa nje akitazama wekundu mlimani.

Basi nisikilizeni. Habari kwamba mnataka kuukata msesewe ili magari yapate pa kuegesha sikukuu imenifikia. Nimeuzungushia shina majani ya masale. Anayejua isale ni nini hatapita hapo na shoka, na asiyejua aje kwangu nimfundishe kabla hajaja na fundi. Magari yataegeshwa kanisani, mtatembea. Hata mnaogombea mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, jani la isale la kuombea msamaha liko juu ya meza ya mama yenu. Wa kwanza kulichukua na kumpelekea ndugu yake ndiye nitakayemhesabu mkubwa, hata kama ni kitinda mimba.

Mfongo, mfereji wetu wa maji unaopita nyuma ya nyumba, umeziba tangu Agosti. Kila mwaka yeye ndiye aliyetangulia kuingia na jembe, maji hadi magotini. Mnajua maji yake yanatoka wapi? Baba yenu aliwafumba wajukuu macho, akawaambia wasikilize maji, kisha wamwonyeshe kwa kidole yanakotoka. Jumamosi ya kwanza mkiwa hapa, wanaume na wanawake, tunauzibua. Kucha zitaota tena.

Na tarehe 27 Desemba, saa kumi na mbili asubuhi, nawataka getini. Tutakwenda hadi Mandara, mita 2,700 hivi, kisha kasoko ya Maundi, lile shimo la volkano, ni hapo tu. Ni mwendo wa saa tatu hadi nne, na mtoto wa miaka tisa ataweza kuliko baba yake. Mje na makoti ya mvua, mahindi ya kuchemsha, na kiingilio chenu, mimi sitalipia mtu. Kijana wa jirani, ambaye kaka yangu alimfundisha kazi, atatuongoza. Kila tutakapokuta mti mtamuuliza jina, na watoto wataandika. Tukisikia hondohondo, tunasimama.

Buti zake ziko kwangu, chini ya kitanda, nimezipaka mafuta. Najua nani na nani wamezitaka. Nimezijaza magazeti mbele na kumpa aliyeuliza jina la mti.

Shangazi yenu