Mtaro wa mpakani: tukutane Jumamosi

Majirani, hamjambo. Jumbe zenu kuhusu mtaro wetu wa mpakani unaofurika nimezisoma zote (na ile ya sauti ya dakika saba, mzee, nimeisikiliza hadi mwisho). Upande huu wa barabara ni kaunti moja, ule ni nyingine, na kila ofisi tukienda tunaelekezwa kwa jirani yake.

Tafadhali tuache hoja ya baadhi yenu ya kusogeza mpaka wa kaunti. Kifungu cha 188 cha Katiba ya Kenya kinadai tume huru, kisha theluthi mbili ya wabunge wote na theluthi mbili ya kaunti katika Seneti. Tutazeeka. Njia fupi ni Kifungu cha 189, kinachoruhusu serikali za kaunti kuunda kamati za pamoja. Si jambo geni: mamlaka ya uchukuzi ya NaMATA, ya 2017, inaunganisha Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Sembuse mtaro mmoja!

Jumamosi saa kumi, kibanda cha chai karibu na steji. Barua moja ya kuomba kamati hiyo, nakala mbili kwa kaunti zote mbili, sahihi za pande zote. Picha za mafuriko mje nazo zimechapishwa. Watu wa ng'ambo ya barabara, nyinyi hasa msikose.